Mwaka Tulioukamata Moshi

Taarifa ya msiba wa Mama Tusa ilinikuta barazani kwangu Ipogolo nachambua maharage. Niliyaacha kwenye ungo, nikamwambia mjukuu wangu Neema ayamalizie, nikaenda Mbeya na nguo niliyovaa na nyingine moja kwenye mfuko. Soweto ya leo, mtaa nilioishi naye, siijui. Nyumba zimebanana, maduka ya simu kila kona, na pale palipokuwa na migomba sasa watu wanaosha magari. Ila ua wa msiba niliufikia bila kuonyeshwa, maana msiba unaujua kwa moshi: wanawake wameinamia masufuria, kuni mbichi, macho mekundu, huwezi kujua nani anamlilia marehemu na nani analizwa na kuni. Nilikuwa nimekaa mkekani na wenzangu, kitenge kimenifunika mpaka kidevuni, mzee mmoja mrefu akatoka upande wa wanaume. Alipita katikati ya moshi akiupunga kwa kofia yake, akasimama mbele yangu. "Fausta," akasema, "huu nao umekushinda kuukamata?" Nikamtazama mdomoni. Uso ulikuwa wa mzee nisiyemjua, lakini lile pengo la mbele lilikuwa la Ambakisye. Nikacheka. Jeneza la mama aliyenilea ukubwani liko ndani, na mimi nacheka nje, mpaka mwanamke wa pembeni akanifinya paja. Wasichana waliokuwa wakimenya ndizi wakataka kujua moshi unakamatwaje. Nikawaambia kwa umeme. Tuliukamata kwa umeme, hapa hapa Soweto, kabla mama zenu hawajazaliwa. Wakatazamana. Mmoja akanong'ona, "Bibi amechoka na safari." Sikuwa nimechoka. Niliporudi nyumbani nikamwomba Neema kalamu.

Mwaka wenyewe ni katika ile miaka ambayo sabuni ilipatikana kwa kujuana. Kwetu wapi, nani alinizaa na kwa nini niliondoka, hayo nayaacha, kila mtu ana kwao. Nilifika Mbeya juu ya lori la mbao kutoka Mafinga, nimekalia mabanzi, yale magome na mapande yanayobaki kiwandani gogo likishapasuliwa. Mabanzi yalikuwa yanapelekwa kwa mwanamke mmoja mwenye mgahawa, na mimi vilevile. Nilikuwa na darasa la nne, mikono yenye nguvu na ulimi usiokaa. Mama Tusa alitoka nje, akayatazama mabanzi kwanza, kisha akanitazama mimi. "Ugonile," akanisalimu Kinyakyusa. Mimi nikajibu "Kamwene," kwa kuwa ndiyo salamu niliyozaliwa nayo. Akacheka, akasema, "Haya, Mhehe, ingia. Shusha kwanza kuni, chai baadaye." Nilikaa naye mwaka ule wote na miaka mingine iliyofuata, lakini nikiulizwa ni wapi nilipofunguka akili, ni mwaka ule.

Mgahawa ulikuwa chumba cha mbele chenye meza za paina zisizorandwa vizuri. Nyuma yake ndiyo jiko: kuta za mbao, bati juu, mafiga yenye masizi ya miaka, na boriti nyeusi iliyong'aa kama imepakwa lami. Tulipika kande, ndizi na maharage, wali wa Kyela siku za sikukuu, na supu ya mbuzi ambayo wateja walinitania nayo kila siku, maana sisi Wahehe tunasingiziwa kula mbwa. "We Mhehe, hii supu ni ya mbuzi kweli, au kuna aliyebweka?" Mimi nilijibu, "Anayebweka ni wewe, kula." Mama Tusa alisikia kutoka jikoni, akakohoa na kucheka kwa pamoja, maana kucheka kwake na kukohoa vilikuwa vimeshaoana. Paina ina utomvu. Ukiwasha banzi lake unapata moto mzuri na moshi mweusi mzito unaoshika kila kitu: kucha, ulimi, mto wa kulalia. Nilipopenga kamasi ilitoka nyeusi. Nikadhani ndivyo dunia ya wapishi ilivyo.

Ukuta mmoja wa jiko ulitutenganisha na Tobia, fundi cherehani, Mkinga mwembamba, msafi kama yai. Mbao zake zilikuwa na nyufa, na kupitia nyufa zile moshi wetu ulikwenda kwake na maneno yake yalikuja kwetu. Karibu na Pasaka alishona kanzu nyeupe za kwaya, akazitundika. Siku ya kuzichukua zilikuwa na michirizi ya kahawia mabegani, kama kwaya nzima imebeba mkaa. Nilisikia kila neno. Mwenyekiti wa kwaya alisema, "Fundi, sisi tunaimba ufufuo. Hizi ni za Ijumaa Kuu." Tobia alikwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, Mzee Asajile, na jioni yule mzee akaja na mkongojo wake, akasimama mlangoni pa jiko akiwa ameziba pua. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alinipita kwa macho. "Mama Tusa," akasema, "nimekuvumilia. Sasa sikiliza. Mvua za kupandia zikianza kunyesha, moshi huu uwe umekwisha. Usipokwisha moshi, utakuwa umekwisha wewe hapa."

Mama Tusa alikaa kwenye kigoda, mwiko mkononi. Mkaa ulikuwa haushikiki kwa bei, mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani, na chumba kingine chenye jiko hakikuwapo Soweto nzima kwa mwanamke asiye na mume. "Nimezika mume, sikuuzika mgahawa," aliniambia. "Huu ukifungwa, mwanangu, mimi narudi kwa kaka zangu kuomba kona, na wewe unarudi juu ya mabanzi." Hayo ndiyo yalikuwa mbele yetu. Sasa nikikumbuka naona alikuwa na umri mdogo kuliko binti yangu wa leo. Wakati ule nilimwona mzee kama mlima.

Ambakisye alikuwa fundi redio kwenye chumba cha kona. Kijana wa miaka kama thelathini, mrefu, pengo mbele, mashati yote yametobolewa na matone ya risasi ya kulehemu. Alitengeneza redio za watu asubuhi, na mchana alitengeneza vitu ambavyo hakuna mtu aliyeviagiza. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Kwetu mtu anachonga mpini kwa sababu jembe halina mpini. Yeye alitengeneza kitu ili akione. Nilimpelekea chakula kila siku, na kila siku nilichelewa kurudi. Chumba chake kilijaa redio kubwa za zamani zilizotoka kwenye mashamba ya chai, zile za taa za kioo ndani, zimekufa. Alizipasua, akatoa kapasita zake, za karatasi na nta, nene kama vidole. Akaziunga na dayodi, vidude vyeusi vidogo kama punje ya pilipili manga, kila kimoja na mstari mweupe, akapanga mistari miwili yenye vidato katikati. "Ngazi," aliniambia. "Unaingiza umeme wa ukutani huku chini, kule juu unatoka mkali." Nikauliza mkali kiasi gani. Akasogeza msumari karibu na ncha ya juu, ikaruka cheche ya buluu, ikanukia kama hewa baada ya radi. "Kiasi hiki," akasema. "Kaa mbali, Dada Fausta, huyu hana utani wa kabila."

Siku moja nilimkuta amesimamisha chemni ya kandili mezani, ameingiza waya mwembamba katikati yake na kuizungushia karatasi ya fedha ya sigara kwa nje, ameacha ufa wa kuchungulia. Akavuta sigara, akapuliza moshi ndani, kioo kikawa cheupe kama maziwa. Kisha akawasha ngazi. Moshi ulitoweka. Haukupanda juu, haukutoka chini, ulikatika tu kama mtu aliyenyamaza katikati ya neno. Niliweka sahani chini. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia tena, mpaka sigara ikaisha na chakula chake kikapoa. "Umekwenda wapi?" nikauliza. "Pitisha kidole," akasema, baada ya kuzima na kugusisha waya mahali fulani. Nilipitisha kidole ndani ya kioo. Kikatoka na rangi ya kahawia, ile ile ya mabega ya kanzu. Umeme unaushika ule uvumbi wa moshi, alinieleza, unausukumiza ukutani, unanata huko. Alikuwa amesoma kwenye kijarida cha Kiingereza kilichochanika, nusu ameelewa, nusu amebahatisha.

"Fanya hivi jikoni kwetu," nikamwambia.

"Jikoni kwenu? Hii ni sigara, binti. Jiko lenu linafuka kama treni."

"Basi ongeza ngazi."

"Ngazi haiongezwi kama maji kwenye mchuzi."

"Kwa nini haiongezwi?"

Akakuna kichwa. Nimeishi na wanaume, nimezaa wanaume, najua uso wa mwanamume anayetaka kukuambia nyamaza. Ule haukuwa huo. Ulikuwa uso wa mtu aliyeulizwa kitu ambacho hata yeye anakitamani. "Njoo kesho ukimaliza vyombo," akasema.

Kwa hiyo ile miezi ya baridi, Mbeya inapoganda na ukungu unakaa barabarani mpaka saa nne, mimi nilijifunza umeme. Sikuwa na herufi zake, nilijifunza kwa mambo niliyoyajua. Umeme wa ukutani, alisema, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, kama mtu anayevuta mlango na kuusukuma. Dayodi inamruhusu kwenda, inamkatalia kurudi. Kapasita inatunza kilichopita. Nikamwambia, hiyo naijua. Kijijini kwetu maji yako bondeni na nyumba ziko juu. Siku ya kujenga, wanawake hujipanga mteremkoni, kila mmoja anampandishia ndoo aliye juu yake, hakuna anayerudisha ndoo iliyojaa chini. Kila mmoja anainua kidogo tu, lakini maji yanafika kilimani. "Ni hivyo hivyo," Ambakisye akasema. "Na ukipanga wengi mno?" Nikasema wanachoka, maji yanamwagika njiani, wa juu kabisa anapata tone. "Basi umejibu swali lako la kuongeza ngazi," akasema. Tukawa tunatafuta ndoo kubwa zaidi badala ya watu wengi zaidi. Alizunguka Mbeya yote akiomba redio zilizokufa.

Neema wangu anasomea umeme. Ana cheti na anatafuta kingine, na wakati wa likizo anatengeneza ngazi kama zile mezani kwangu, kwa raha zake tu, yeye na wenzake wanaonyeshana kwenye simu nani ametoa cheche ndefu. Vifaa vyake ni vidogo, vya buluu, vinakuja kwenye bahasha. Mara ya kwanza nilipoiona ngazi yake kati ya bakuli la chumvi na thermosi niliitazama kama unavyomtazama mtoto aliyefanana na ndugu yako. Mimi mpenda sifa, nasema wazi: nilifurahi kwamba ni yeye, na si kaka zake.

Kulikuwa na sheria ambazo Ambakisye hakuzilegeza. Mkono mmoja tu unafanya kazi, wa pili unakaa nyuma, ili umeme usipite kifuani. Yeye aliweka wake mfukoni. Mimi sikuwa na mfuko, nikauchomeka wangu kwenye fundo la kitenge kiunoni, na mpaka leo nikitengeneza pasi ya mtu mkono wa kushoto unakwenda wenyewe nyuma. Sheria ya pili ilitokana na kosa langu. Nilidhani ukishazima umezima. Tulikuwa tukiijaribu ngazi jikoni, nikazima, nikashika. Nilijikuta nimekaa kwenye mabanzi, meno yamegongana, mkono si wangu. Ambakisye alikuwa amepauka kuliko mimi. Zile ndoo, alisema, hazimwagiki kwa kuzima, zinabaki zimejaa. Mama Tusa alisimama mlangoni na mwiko wake. Nilidhani atatufukuza wote wawili. Akasema tu, "Hata makaa unayafukia majivuni jioni, asubuhi yanaunguza mtu. Na nyumba ya watu huingii bila hodi." Tangu siku hiyo tulikuwa na fimbo, waya umefungwa kwenye ncha na mwisho wake mwingine umeunganishwa na chuma kilichochimbiwa ardhini. Ukizima, unagusa kila kidato kwa fimbo, kidato kwa kidato, na kwa sauti unasema hodi. Hakuna kushika mpaka kila kidato kimekaa kimya. Wateja waliotusikia tukibisha hodi tukiwa tayari ndani walitikisa vichwa.

Kazi kubwa ilikuwa ya kuishikilia ngazi. Ilihitaji kitu kisichopitisha umeme. Kioo kilipasuka, plastiki nzuri haikupatikana. Nikasema mwanzi. Nikamtuma dereva wa lori la mbao awaambie watu wa kwetu waniletee mianzi mikavu. Sasa, kwetu msichana aliye ugenini akiagiza mwanzi, watu wanajua moja tu: amekumbuka ulanzi, ile pombe ya mwanzi. Waliniletea mbeta, zile za kukingia ulanzi, nzuri, zimezoea kazi, na moja wakaijaza kabisa. Ile iliyojaa dereva aliniambia ilimwagika kwenye kona ya Makambako. Aliniambia hayo akiwa ananukia ulanzi. Tulizikata zilizobaki, tukafunga ngazi. Tulipowasha ikalia kama mafuta yanayokaangwa, nyuzi za buluu zikatambaa juu ya mwanzi kutoka kidato hadi kidato, na chumba kikanukia sukari inayoungua. Ambakisye alikagua dayodi zake zote. Nzima. Aliamini kijarida kimemdanganya. Asubuhi yake sisimizi walikuwa wamejipanga kwenye ngazi, wanapanda, wanashuka. Tukawatazama wote wawili, kisha tukatazamana, na nadhani tulifahamu dakika ile ile. Miaka ya ulanzi ilikuwa ndani ya mwanzi ule, na sukari inavuta unyevu, na unyevu unampitisha mkubwa yule, umeme. Nilizichemsha mbeta mpaka maji yakawa safi, nikazikausha juu ya jiko, kisha nikazipika kwenye nta ya nyuki kama maandazi. Ngazi ikanyamaza. Ukungu wa Mbeya ukaja, ukaondoka, ngazi kimya.

Bomba la moshi tulilitengeneza kwa madebe ya mafuta ya kula yaliyounganishwa, likasimama juu ya mafiga mpaka nje ya bati, juu kabisa mahali ambapo hakuna mkono wa mtu unaofika, na katikati yake ukaning'inia waya mwembamba uliotoka kwenye ncha ya ngazi, wenye nati chini ya kuunyoosha. Bomba likafungwa kwenye kile chuma cha ardhini, nami kila siku nilikimwagia maji ya vyombo, kwani Ambakisye alisema ardhi kavu ni kiziwi. Siku ya kuwasha, Mama Tusa alikaza kitenge chake kiunoni kama anakwenda kupigana. Nikaweka mabanzi. Moshi ukapanda, mweusi. Tobia alikuwa nje na mikono kiunoni. Ambakisye akawasha. Ndani ya bomba kulisikika mnong'ono. Na kule juu, moshi ukapungua, ukawa kijivu, ukawa kama pumzi ya ng'ombe asubuhi. Si kwamba ulikwisha wote, sitawadanganya. Lakini Tobia alitazama juu, akatazama chini, akarudi ndani, na ndani ya siku chache alitundika shati jeupe ukutani. Lilibaki jeupe. Kila jioni tulizima, tukabisha hodi, tukaligonga bomba kwa mti, masizi yakaanguka kama manyoya ya kunguru. Mama Tusa akawa anacheka bila kukohoa. Mara ya kwanza nilipomsikia nilidhani kuna mgeni jikoni.

Msimu ule ule wa mavuno, kama ilivyo desturi, majirani walileta mbegu. Huwezi kupanda mahindi ya gunia, unachagua magunzi yenye punje nzuri, unayafunga kwa maganda yake, unayatundika juu ya moto mpaka mvua. Jiko la Mama Tusa liliwaka kutwa, kwa hiyo mbegu za mtaa mzima zilikaa kwake, kila fungu na kitambaa chake: cha mke wa Mzee Asajile chekundu, cha Tobia kipande cha suruali. Tuliyatundika kwenye boriti. Tukashuka. Tukawasha ngazi. Katika watu wote walioingia jikoni mle kushangaa umeme, hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini bibi zetu waliyatundika pale. Nimeifikiria sana hiyo. Tulikuwa na maswali ya kila namna juu ya umeme, na juu ya moshi tulikuwa na jibu moja tu, kwamba ni mbaya.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Harufu ya vumbi lililolowa haijakwisha, Mzee Asajile akafika kukagua, na mke wake nyuma yake kuchukua mbegu. Mzee aliingia bila kuziba pua. Akazungusha mkongojo. "Naam," akasema. "Naam." Mama Tusa alishafungua mdomo kushukuru. Ndipo mke wake alipoliteremsha fungu lenye kitambaa chekundu. Unga ulimwagika usoni kwake. Aligeuza gunzi moja, la pili. Kila punje ilikuwa na tundu, na ndani ya tundu fukusi amekaa kama mwenye nyumba. Ambakisye alipanda juu ya kigoda, akashusha mafungu mengine. Yote. Yaliyosalimika ni machache yaliyogusana na boriti yenyewe, yamejipaka masizi ya zamani.

Jiko lilijaa watu. Tobia alikuja, akashika magunzi yake kama mtu aliyeshika ndege aliyekufa. Mke wa mzee alikaa chini. "Nitapanda nini?" akasema. "Nimwambie nani kwamba nimekosa mbegu, mimi?"

Mzee Asajile akapiga mkongojo chini. "Nilisema uondoe moshi. Nilisema uondoe mbegu zangu?"

"Baba," Mama Tusa akasema, amesimama wima, "moshi na mbegu walikuwa wanaishi pamoja. Wewe ulimpa notisi mmoja."

Nilisubiri mkongojo umpige mtu. Mke wa mzee ndiye aliyeongea, kutoka pale chini, bila kuinua kichwa. "Asajile, mama yako alipikia moshi. Ulikula, ukakua, ukawa na nyumba ya kufukuzia watu. Kaa." Akakaa. Nilimwona mwanamume yule akikaa juu ya rundo la mabanzi na suruali yake ya kaki. Kwa kuwa ulimi wangu haukai, nikasema naweza kuagiza mbegu kwetu kwa dereva wa mbao, kwetu moshi haujapata fundi. Kila mtu alinigeukia. "Mahindi ya Kihehe?" Mzee Asajile akauliza. "Kwenye shamba langu?" "Yakibweka, baba, utaniita," nikasema. Mke wake akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka, na Mama Tusa akamfuata.

Mbegu zilifika zikiwa nyeusi na kunuka moshi, na safari hii dereva hakuwa na cha kumwagika. Wakapanda. Kuhusu mgahawa, Mzee Asajile alitoa hukumu yake akiwa anakunywa chai yetu: Mama Tusa akae, na mambo ya moshi tukubaliane sisi na Tobia, yeye hataki kusikia tena neno umeme wala neno fukusi. Tukakubaliana hivi. Kukiwa na nguo nyeupe mezani kwa Tobia, ngazi inawaka. Akishakunja nguo zake, tunazima, moshi unafanya kazi yake juu ya boriti. Swichi alipewa Mama Tusa, na Mama Tusa, ambaye hakupenda kubisha hodi, alinipa mimi.

Ambakisye baadaye alihamia kwingine na maisha yakatutawanya. Msibani tulikaa pamoja mpaka chai ikaisha, tukibishana kama mtu wa kwanza kuwaona wale sisimizi alikuwa yeye au mimi. Nilikuwa mimi. Lakini ninapoufikiria mwaka ule, picha inayokuja ni ya msimu uliofuata, mahindi ya watu yamerudi kwenye boriti. Tobia alikuja mlangoni pa jiko alasiri moja, jua bado lipo, amejifuta mikono, shati lake jeupe limefungwa vizuri ndani ya gazeti chini ya kwapa. "Dada Fausta," akasema, "nimekunja kila kitu. Uachie moshi."

Nikazima. Nikachukua fimbo, nikabisha hodi kila kidato, sikufanya haraka. Mnong'ono ndani ya bomba ukakoma. Nikaligonga bomba, kisha nikausogeza mdomo wake wa chini pembeni ya mafiga, moshi ubaki jikoni. Moshi ukasimama, ukajaza boriti, ukayazunguka magunzi fungu kwa fungu. Tobia alibaki mlangoni, macho yanamtoka machozi. Alilitafuta fungu lake, lile la kipande cha suruali, akalikuta liko pembeni kabisa, moshi unalifikia kwa shida.

"Ongeza banzi," akasema.